Soda Iliyowafuturisha Watu wa Mlandege

Jumamosi, 23 Aprili 1955

Mvua kutwa. Mwezi unatafutwa leo, lakini mbingu yenyewe haionekani, sembuse mwezi. Huenda kesho tukafunga.

Nimeanza shajara hii kwa sababu moja. Siku soda yetu itakapokuwa mashuhuri, watu watataka kujua nani aliyeifanya mashuhuri, na Bwana Bahadurali si mtu wa kukumbuka mambo.

Basi ieleweke. Karakana ya soda ya Bwana Bahadurali iko Mlandege, hapa Unguja, milango miwili kutoka kwa shangazi yangu Bi Wanu, ninakokaa. Mashine aliinunua marehemu baba yake, Bombay. Soda yetu ni ya ukwaju, katika chupa za gololi: unaisukuma gololi ndani kwa kidole gumba, gesi inapiga mluzi, unakunywa. Jina lake Nyota Njema. Hakuna mtu anayelitumia. Watu husema nipe hiyo ya ukwaju.

Mimi ndiye mjazaji wa chupa, mwoshaji wa chupa, msukuma gari la mkono na, tangu leo asubuhi, mshauri wa biashara. Cheo hiki cha mwisho nimejipa mwenyewe.

Bwana Bahadurali aliniita mchana. Alisema ndugu yake wa Tanga anaitaka mashine. Imeingia soda mpya kutoka Mombasa, yenye kifuniko cha bati, na wateja wanahamia huko mmoja mmoja. Atangoja Ramadhani ipite. Ikiwa soda yetu haijapata watu, mashine itapakiwa katika meli ya Jumatano ya kwanza baada ya sikukuu, na mimi nijitafutie kazi pengine. Nilimwambia aniachie mimi jambo hili. Aliniangalia kwa muda mrefu. Nadhani ni shukrani.

Jumanne, 26 Aprili

Funga ya tatu. Mvua.

Mpango wa kwanza: meza ya shangazi. Bi Wanu huuza bajia na kachori barazani kwake kuanzia alasiri, na Mlandege nzima hupita pale kabla ya kufuturu. Nilimpelekea chupa sita, nikamweleza kwa kirefu. Anayenunua bajia apewe neno moja tu kuhusu soda, kwa upole. Alikubali haraka mno.

Nilirudi saa kumi na moja. Chupa zote sita zilikuwa mezani, tena zimepangwa vizuri. Nne kwenye pembe za kitambaa kisipeperuke na upepo. Mbili juu ya kawa ya bajia, kwa ajili ya paka. Nilimuuliza kama amemwambia mtu yeyote lile neno. Akasema ndiyo, amewaambia wasiziguse.

Jaku akapita wakati huohuo. Jaku ni wakala wa soda ya Mombasa. Tulisoma chuo kimoja cha Kurani, na tangu hapo alikuwa akihitimisha juzuu kabla yangu na kumwambia kila mtu. Sasa ana baiskeli iliyopakwa rangi, suruali nyeupe, na kifungulio cha chupa shingoni kwa kamba, kama nishani. Aliuliza hali ya Nyota Njema. Nikasema tunashindwa kuzijaza chupa kwa kasi ya kutosha. Akatazama meza ya shangazi. Akasema naam, anaona zina kazi nyingi.

Jumapili, 1 Mei

Mpango wa pili: kuchunguza adui. Baada ya tarawehe nilinunua soda ya Jaku, nikiwa nimejifunika shuka kichwani. Jaku akanipa chupa na kuniuliza shangazi hajambo.

Niliinywa kwa makini. Si tamu kuliko yetu. Haina ladha ya kitu chochote ninachokijua. Lakini ilinipanda puani, ikanitoa machozi, nikapiga mbweu uliomwamsha mbuzi wa jirani. Watu wawili waliokuwa karibu wakasema alhamdulillahi kwa niaba yangu.

Nimepata! Watu hawanunui ladha. Wananunua kishindo. Yetu inapiga mluzi, yake inapiga mbweu. Nguvu ndiyo inayotupungukia.

Alhamisi, 5 Mei

Mashine yetu ina kipimo cha gesi chenye sindano na mstari mwekundu. Kuna skrubu ya shaba ubavuni. Bwana Bahadurali anaigusa yeye peke yake, na hata yeye huigusa kama mtu anayempima mtoto homa. Tangu niajiriwe, miaka sita, sindano haijaukaribia ule mstari. Nguvu yote hiyo imelala bure!

Leo alipokwenda Darajani kutafuta sukari, niliizungusha skrubu nusu. Sindano ikasogea kidogo. Nikazungusha nusu nyingine. Ikaugusa mstari. Mashine ikaanza kutetemeka, lakini kwa namna ya mtu aliyechangamka. Nikajaza dazeni tatu. Chupa zilikuwa zikiniimbia mikononi.

Kesho ni Ijumaa. Nitaziweka pembeni mwa msikiti wetu kabla ya magharibi, na kila anayetoka baada ya kuswali atapata chupa moja bure. Mbweu thelathini na sita kwa mara moja. Jaku atausikia huo msiba kutoka alipo.

Ijumaa, 6 Mei

Nitaandika kwa mpango, kama mambo yalivyotokea.

Kwanza, barafu. Jaku alikwisha kuinunua yote asubuhi. Kwa hiyo nikazifunga chupa kwa magunia yaliyoloweshwa na kuzitia ndani ya pipa la chuma, lile lililokuwa la lami, ili zipate ubaridi. Juu nikafunika bati, juu ya bati jiwe.

Pili, gari la mkono. Gurudumu lilivunjika mbele ya mlango wetu. Pipa lilikuwa zito. Basi nikalilaza, nikalifunga bati kwa kamba, nikalibingirisha. Kutoka karakana hadi msikitini ni hatua mia mbili na kumi, na njia ina mawe.

Tatu, mawingu. Jua halikuonekana kutwa. Katika siku kama hizi watu hawana pa kutazama, wanangoja mzinga wa pwani tu, ule unaopigwa jua likitua. Maalim Kificho, mwadhini wetu, alikuwa amekaa kizingitini pa msikiti, tende mkononi. Masikio yake yamepungua miaka hii. Mzinga anausikia kwa kifua.

Nikalisimamisha pipa. Nikarudisha jiwe juu yake. Nikarudi nyuma hatua tatu, nione linavyopendeza.

Sijui ilianza chupa gani. Zilizobaki zikaifuata. Lilikuwa ni pigo moja, zito, la chini, lililotoka tumboni mwa pipa na kukimbia vichochoroni. Bati likaruka. Jiwe sijaliona mpaka sasa.

Maalim Kificho akainua uso, akasema bismillahi, akala tende. Akanywa maji. Akapanda kuadhini.

Mlandege yote ikafuturu. Nilisikia vikombe. Nilisikia watu wakisema alhamdulillahi kutoka madirishani. Kinyozi wa pembeni alikuwa amekwisha kumaliza uji. Jaku alikuwa amesimama ng'ambo ya njia, amekuja kunicheka. Akafungua soda yake na kuimwagia kooni yote.

Nikataka kusema. Naapa nilitaka kusema. Nilikuwa nimefungua mdomo, Bwana Bahadurali akatokea mbio na saa yake ya mfukoni mkononi, na wakati uleule, kutoka pwani, mzinga ukalia.

Mzinga wenyewe. Dakika kumi na moja baadaye.

Watu wote wa mtaa, kila mmoja na tonge shavuni, hawajui wameze au wateme. Kisha dirisha moja likafunguka, shangazi akatoa mkono. Ndani ya kiganja chake ilikuwa gololi. Ameikuta kwenye bakuli la tambi.

Jumamosi, 7 Mei

Hakuna aliyeumia. Naandika hili kwanza kwa sababu hakuna mwingine anayelitaja.

Maalim Kificho ametoa hukumu baada ya alfajiri. Aliyekula kabla ya jua kutua, hata kwa kudhani tu, siku hiyo haikuhesabiwa. Itamlazimu kuilipa baada ya Ramadhani. Mtaa mzima. Naye mwenyewe, mwenye miaka sabini na tatu, ambaye alikuwa hajapata kudaiwa siku hata moja.

Nilimwendea. Nikamwamkia, akaniitikia marahaba kwa sauti ndogo. Nikamweleza kwamba kwa hakika kosa ni la mawingu. Akanisikiliza. Nikamuuliza kama inawezekana mimi nikafunga kwa niaba ya wote. Nimewahesabu: watu mia mbili na arubaini, pamoja na Jaku. Akaniuliza nina umri gani. Nikasema thelathini na moja. Akafikiri. Akasema kumfungia mtu aliye hai haifai, na kwamba hata ingefaa, asingependa deni lake liwe mikononi mwangu.

Bwana Bahadurali hakugomba. Ningependa agombe. Aliitazama skrubu, akaitazama sindano, akairudisha ilipokuwa. Yeye msikiti wake ni mwingine, kule mjini, na hakula kabla ya wakati. Lakini mtaa ni wake pia, kazaliwa humu. Alisema ameandika barua Tanga. Mashine iende. Alisema pia kwamba baba yake aliiendesha miaka ishirini na minane bila kumfuturisha mtu.

Jumatano, 11 Mei

Hakuna anayenunua soda yetu. Hata zile chupa kumi tulizokuwa tukiuza kwa siku zamani.

Mpango wa tatu: jina jipya. Niliandika vibandiko kwa mkono wangu: Fahari ya Unguja. Nikavibandika juu ya Nyota Njema. Mteja wa kwanza akaitazama chupa, akanitazama mimi, akaishika kwa ncha za vidole na kuiweka chini taratibu, kama mtu anayelirudisha yai chini ya kuku.

Mpango wa nne: jina langu mwenyewe. Soda Matar. Shangazi amesema nikilibandika hilo nisirudi nyumbani.

Jaku anawaambia watu kwamba yeye alifuturu kwa soda ya Mombasa, si kwa yetu, na kwa hivyo kosa lake ni la heshima zaidi. Maalim amemwambia siku ni ileile moja.

Jumatano, 25 Mei

Sikukuu ya pili. Jua, baada ya mwezi mzima!

Nilikwenda uwanja wa Mnazi Mmoja na kanzu yangu ya sikukuu. Ina doa la ukwaju begani lisilotoka. Nilitaraji watu wamesahau. Habari imefika mpaka shamba, nje ya mji. Kila mtu wa Mlandege akipita, wa mitaa mingine wanapiga kelele puu! na kujifanya wanakula tende. Kinyozi wetu alirudi nyumbani mapema. Vijana wa Malindi walimuuliza shangazi kama mtaani kwake leo tayari ni sikukuu ya tatu.

Mtu mmoja wa Uroa, muuza samaki, Usi jina lake, alinishika mkono katikati ya umati. Nikajiandaa kutukanwa. Akauliza ile soda iliyomdanganya mwadhini inapatikana wapi. Anataka kuwapelekea wenzake waione. Nikamwambia Mlandege, kwa Bahadurali, lakini aharakishe, maana mashine inaondoka.

Nilipofika karakana nilikuta mashine tayari ipo vipande. Bwana Bahadurali anaipanga katika makasha ya mbao, kila kipande kimefungwa kitambaa. Skrubu ya shaba kaiweka mfukoni mwake mwenyewe. Imebaki kreti moja tu iliyojazwa, chupa ishirini na nne. Nilimsaidia kupigilia misumari. Nilipomaliza kasha la tatu aliniambia kwamba baba yake alipoifungua mashine hii kwa mara ya kwanza, mtaa mzima ulikuja kutazama, na mtu wa kwanza kunywa alikuwa Bi Wanu, msichana bado, akakimbia na mluzi.

Shangazi hajapata kuniambia hilo.

Jumatatu, 30 Mei

Leo Mlandege imelipa.

Wazee walikubaliana siku moja kwa wote, ili aibu igawanyike. Tulifunga watu mia mbili na arubaini na moja, nikijihesabu. Alasiri ilipokwisha watu wakatandika mikeka njiani, mbele ya msikiti, kila nyumba ikatoa sinia yake. Sijapata kuona futari kama ile nje ya Ramadhani. Mbingu safi. Jua linaonekana, kila mtu analitazama kama mdaiwa anayemtazama mdai.

Mimi nilikaa mwisho kabisa, karibu na mtaro. Maalim Kificho akaniita. Nikaitika naam, nikaenda. Akaniambia nilete chupa ya soda.

Watu wakageuka kutazama.

“Mzinga hakuna leo, Ramadhani imepita,” alisema Maalim. “Ulitufuturisha kwa uongo, Matar. Leo utatufuturisha kwa kweli. Usimame hapa mlangoni. Nikishusha mkono, ndipo ufungue. Chupa moja. Nnasema moja.”

Nikakimbia karakana. Bwana Bahadurali alikuwa juu ya makasha yake, amekaa. Nikamwambia. Akanyanyua kreti nzima yeye mwenyewe, akatoka nayo.

Nikasimama mlangoni na kidole gumba juu ya gololi. Kidole kilikuwa na jasho. Jua likateremka nyuma ya mabati. Maalim akatazama magharibi, akatazama saa ya Bwana Bahadurali, akatazama tena magharibi. Akashusha mkono. Nikasukuma.

Fyu.

Ndiyo sauti yote iliyotoka. Kama mtu anayepuliza chai.

Kisha mtu mmoja akacheka, nadhani kinyozi, na kicheko kikatembea mkeka kwa mkeka mpaka mtaroni na kurudi. Maalim alipanda kuadhini huku mabega yanatikisika. Watu wakala tende, wakafuta machozi. Na shangazi yangu, Bi Wanu, aliyeikuta gololi kwenye tambi zake, akanyoosha mkono kutoka upande wa wanawake.

“Nipe na mimi huo mzinga wako, kabla hawajaumaliza,” alisema.

Wakaumaliza. Nipe mzinga. Na mie mzinga. Mzee wangu hapa hana mzinga. Chupa ishirini na nne zilikwisha kabla ya kuswali, na watu wakawa wanapokezana. Jaku akaletewa moja. Akaishika, akageuza, akakitazama kifungulio chake cha shingoni, ambacho kwa chupa ya gololi hakina kazi. Mwishowe akasukuma kwa kidole kama watu wote. Aliinywa nyuma ya mlango. Nilisikia mluzi.

Jumatano, 1 Juni

Siku ya meli.

Gari la ng'ombe lilifika saa mbili asubuhi kuchukua makasha. Halikuweza kupita. Watu walikuwa mlangoni. Wa Mlandege, wa Malindi waliokuwa wakipiga puu, mwanamke mmoja aliyetembea kutoka Mpendae, na Usi wa Uroa na kapu lake tupu la samaki. Wote wanataka mzinga. Hakuna hata mmoja aliyesema Nyota Njema. Wala Fahari ya Unguja.

Bwana Bahadurali aliwaeleza kwamba soda imekwisha, na mashine imo ndani ya mbao, na mbao zinakwenda Tanga. Watu wakasema sawa, watangoja. Wakakaa barazani. Usi akaomba kiti.

Bwana Bahadurali akaingia ndani. Alipotoka alikuwa na nyundo.

“Matar,” alisema, “shika huu upande.”

Tukang'oa misumari. Mwenye gari la ng'ombe akasaidia, kisha naye akakaa kungoja.

Ijumaa, 17 Juni

Mambo mazuri mno. Kreti kumi na nane kwa siku! Mchoraji wa Darajani ametengeneza kibandiko kipya: mzinga mweusi, moshi mweupe, na chini yake neno Mzinga kwa herufi nyekundu. Niliomba jina langu liandikwe pembeni, dogo tu, kama la mwanzilishi. Bwana Bahadurali alisema watu wanalijua. Jaku ameomba awe wakala wetu upande wa shamba. Nimemwambia nitalifikiria. Nimelifikiria mara nyingi leo, kwa furaha.

Bwana Bahadurali ameniapisha kwamba sitaigusa skrubu tena maisha yangu yote. Nimeapa kwa moyo safi. Spana hakuitaja.

Maana kuna jambo moja linanisumbua. Soda inaitwa Mzinga na inapiga fyu. Watu wanacheka sasa, je, mwakani? Mwezi ujao ni sherehe ya Mwaka Kogwa kule Makunduchi. Watu wa Unguja nzima watakuwapo. Nikitokea uwanjani na pipa, na pipa likatoa sauti yake, nani atakunywa soda ya Mombasa tena katika kisiwa hiki? Safari hii nimetumia akili. Sikulibingirisha hata kidogo. Dazeni nne tu, za majaribio, na sindano imeupita mstari kwa unywele.

Naandika haya barazani. Pipa nimelisogeza chini ya dirisha la shangazi, ndipo penye kivuli. Yeye yumo dirishani. Leo anamalizia funga zake sita za sunna za Mfungo Mosi, tende mkononi, anangoja adhana. Mawingu yamefunga tena, jua halionekani. Zimebaki kama dakika kumi na moja.

Nasikia ndani ya pipa kitu kinapiga mluzi mdogo. Dalili njema.